Safu ya lugha: Nebo, nebesa na silabi iliyotoweka katika umoja

SWALI: Kwako mwandishi wa safu ya lugha, salaam. Ninajifunza Kirusi, na nimekutana na nomino nebo, yaani mbingu, ambayo wingi wake ni nebesa. Nomino nyingine za jinsia hiyo isiyo ya kiume wala ya kike hazifanyi hivyo: okno, dirisha, huwa okna, na mesto, mahali, huwa mesta. Mwalimu ametuambia kwamba hili ni neno la pekee na tulikariri tu. Nilipofungua kamusi ya asili ya maneno nilikuta imeandikwa kwamba neno linatokana na Kislavi Mame *nebo, hali milikishi, yaani umbo la umiliki, *nebese, na kwamba lina undugu na Nebel ya Kijerumani, ambayo maana yake ni ukungu. Naomba unieleze kinyota hicho kina maana gani, silabi -es- inatoka wapi, ukungu unahusiana vipi na mbingu, na neno hilo lilibadilikaje katika hali zake mbalimbali, yaani maumbo yake kulingana na kazi yake katika sentensi, kabla Kirusi hakijakuwapo.

JIBU: Salaam nimezipokea, ndugu msomaji. Nitaanza na kinyota, kwa sababu ndicho kinachotuambia tunazungumza juu ya kitu cha aina gani. Katika isimu ya kihistoria, kinyota mbele ya neno kinamjulisha msomaji kwamba umbo hilo halijapatikana katika andiko lolote, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na lugha ambayo haikuacha maandishi. Desturi ya kukitumia kwa namna hiyo ilienezwa na mwanaisimu Mjerumani August Schleicher, aliyeishi kati ya 1821 na 1868. Kislavi Mame ni lugha ya aina hiyo. Waslavi walianza kuandika lugha yao katika karne ya 9 tu, wakati ndugu wawili kutoka Thesalonike, Konstantino, ambaye baadaye aliitwa Kirili, na Methodio, walipotumwa Moravia mnamo mwaka 863 na kuwatafsiria watu wa huko maandiko ya kanisa. Wakati huo lugha mame ilikuwa tayari imeanza kugawanyika.

Hata hivyo, vinyota havina uzito sawa. Vipo vinavyosimama juu ya dhana iliyojengwa juu ya dhana nyingine, na vipo vinavyokaribia kuwa maandishi. Kinyota cha *nebo ni cha aina hii ya pili. Lugha ya tafsiri za Kirili na Methodio, ambayo wataalamu huiita Kislavi cha Kale cha Kanisa, imetufikia katika miswada ya karne ya 10 na ya 11, na humo neno nebo limeandikwa, na hali milikishi yake, nebese, imeandikwa pia. Kicheki, Kipolandi, Kirusi, Kiukraine, Kislovenia, Kiserbia na Kibulgaria zote zina neno hilo hilo, na tofauti zao zinaelezeka kwa kanuni za sauti zinazojulikana. Kinyota kinabaki kwa sababu Kislavi cha Kale cha Kanisa ni mtoto mmojawapo wa lugha mame, wala si lugha mame yenyewe. Lakini ni mtoto aliyeandikwa mapema kiasi kwamba kwa neno hili tofauti baina yake na mzazi ni ndogo mno.

Sasa tuje kwenye silabi yako. Umeuliza -es- imetoka wapi katika wingi, nami nakuomba uligeuze swali: -es- imekwenda wapi katika umoja? Silabi hiyo haikuongezwa na mtu yeyote katika nebesa. Ni sehemu ya shina la neno tangu enzi za lugha iliyozaa lugha nyingi za Ulaya pamoja na za Iran na India ya Kaskazini, lugha ambayo wataalamu huiita Kihindi-Kiulaya Mame. Huko neno lilikuwa *nébʰos, na hali milikishi yake *nébʰesos, ambapo ʰ ndogo inaonyesha pumzi inayofuata b. Tukiligawa tunapata mzizi *nebʰ-, kisha kiambishi chenye sauti s ambacho irabu yake ilikuwa o katika umbo la kiima na e katika hali nyingine, kisha kiishio cha hali yenyewe. Jambo la kushika ni kwamba umbo la kiima halikuwa na kiishio chochote. Ile s ya mwisho wa *nébʰos ni mali ya shina, tofauti na s ya nomino za kiume kama *wĺ̥kʷos, mbwamwitu, ambako s ni kiishio kinachobandikwa na kubanduliwa. Kwa masikio miisho hiyo miwili ililingana, lakini kwa muundo haikuwa na uhusiano, na historia nzima ya neno letu inatokana na jambo hilo.

Ushahidi wa kwamba s hiyo ilikuwapo hautegemei lugha za Kislavi peke yake. Katika Kisanskriti tunakuta nábhas, ukungu, wingu au anga, na hali milikishi nábhasas, ambamo s mbili zinaonekana waziwazi, moja ya shina na moja ya kiishio. Kigiriki cha kale kina néphos, wingu, na milikishi népheos. Huko s iliyokuwa kati ya irabu mbili imedondoka kama kawaida ya Kigiriki, ikaacha irabu zikikutana. Kihiti, lugha iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo huko Anatolia katika milenia ya pili kabla ya Kristo na kufumbuliwa na Mcheki Bedřich Hrozný mwaka 1915, kina nepiš, mbingu, na milikishi nepišaš. Kilatini hakikuhifadhi neno lenyewe katika umbo hili, bali kimehifadhi kundi lake: genus, aina au ukoo, huwa generis katika hali milikishi, na r hiyo ni s ya zamani iliyogeuka katikati ya irabu. Aliyewahi kujiuliza kwa nini genus huzaa generis amejiuliza swali lako la nebo na nebesa bila kujua. Ama Nebel ya Kijerumani, pamoja na nebula ya Kilatini na nephélē ya Kigiriki, ni matawi ya mzizi uleule yaliyochukua kiambishi chenye l badala ya s. Kwa hiyo kwa nebo ni binamu wa karibu, si ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu maana, msomaji wa Kiswahili ana bahati. Sisi tunasema wingu na mawingu, na tunasema mbingu, ambayo kwa asili ni wingi wa uwingu. Ni shina lilelile lililowekwa katika ngeli mbili, moja likataja kile kinachoelea juu na jingine likataja mahali pote kinapoelea. Waslavi walipita njia hiyo bila kubadili ngeli: neno lililotaja ukungu na wingu lilipanuka hadi likataja anga lote, kisha wingu likatafutiwa neno jipya, *oblakъ, linalotokana na kitendo cha kufunika pande zote, na ukungu ukabaki na neno lake la zamani *mьgla. Ukitaka kuona njia hiyo ikiwa nusu imepitwa, tazama lugha mbili za jirani. Kilithuania kina debesis, wingu, na Kilatvia, dada yake, kina debess, mbingu. Shina ni lilelile lenye -es-, ila n ya mwanzo imekuwa d, pengine kwa kuvutwa na neno jingine la mbingu ambalo Kilithuania kinalo, dangus. Wahiti nao walikuwa wamefika kwenye maana ya mbingu zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya mwandishi wa kwanza wa Kislavi.

Kulikuwa na neno jingine la Kihindi-Kiulaya lililotaja mbingu yenye mwanga, *dyḗws, ambalo kwa Wagiriki lilikuwa jina la Zeus na kwa Wahindi dyaus. Waslavi hawakulihifadhi kwa maana hiyo; walibaki na jamaa yake *dьnь, siku. Naona si ajabu kwamba pengo hilo lilijazwa na neno la wingu.

Sauti za neno zilisafiri kwa utulivu. Pumzi ya bʰ ilipotea, ikabaki b, kama ilivyotokea kwa sauti zote za aina hiyo katika Kislavi. Irabu e haikuguswa. Irabu o ya silabi ya pili ilipitia a katika enzi za awali na kurudi kuwa o katika enzi za mwisho. Tatizo ni s ya mwisho. Kislavi Mame kilifika wakati ambapo silabi haikuruhusiwa kufungwa na konsonanti, na konsonanti zote za mwisho wa neno zikaanguka. Katika hali milikishi s ya shina ilikuwa salama, kwa kuwa ilifuatwa na irabu. Katika umbo la kiima ilikuwa ukingoni, ikaanguka pamoja na nyingine. Hivi ndivyo umoja ulivyopoteza silabi unayoitafuta: si kwa uamuzi wa msemaji yeyote, bali kwa sababu ya nafasi tu.

Kuna kipengele kimoja hapa ambacho wataalamu wamekijadili kwa muda mrefu. Mwisho *-os wa nomino za kiume haukutoa -o katika Kislavi. Ulitoa -ъ, irabu fupi sana iliyokaribia u, kama katika *vьlkъ, mbwamwitu. Kwa kufuata kanuni hiyo tungetarajia *nebъ. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nomino za jinsia ya tatu zilipata -o kwa mfano wa kiwakilishi *to, hicho, ambacho kilitokana na *tod na hakikuwahi kuwa na s. Maelezo hayo yananiridhisha, kwa sababu kiwakilishi hicho kilisimama kando ya nomino hizo kila siku, na pia kwa sababu nomino za kawaida za jinsia hiyo, kama *selo, kijiji, zilihitaji msaada uleule. Matokeo yake ni kwamba *nebo na *selo zilifanana kabisa katika kiima, ingawa mashina yake yalikuwa tofauti, na tutaona kufanana huko kulivyoleta hasara baadaye.

Mabadiliko ya neno katika Kislavi Mame yalikuwa hivi. Lugha ilikuwa na hali saba na nambari tatu: umoja, uwili na wingi. Katika umoja, kiima, yambwa na mwito vilitumia umbo moja, *nebo. Milikishi ilikuwa *nebese, hali ya mpewa *nebesi, hali ya ala *nebesьmь, na hali ya mahali *nebese, sawa na milikishi. Katika uwili kulikuwa na maumbo matatu tu: *nebesě kwa kiima, yambwa na mwito, *nebesu kwa milikishi na mahali, na *nebesьma kwa mpewa na ala. Katika wingi, kiima, yambwa na mwito vilikuwa *nebesa, milikishi *nebesъ, mpewa *nebesьmъ, ala *nebesy, na mahali *nebesьxъ. Herufi ь ni irabu fupi iliyokaribia i, ě ni e ndefu, y ni irabu ya katikati ya kinywa, na x husomwa kama kh. Utaona kwamba kati ya maumbo yote hayo ni moja tu, *nebo, lisilo na -es-. Kwa msemaji wa wakati huo wingi haukuwa na upekee wowote.

Viishio vyenyewe havikutoka mahali pamoja, na hapa kuna utajiri. Kile -e cha milikishi ni masalio ya *-es, aina ya kiishio ambayo Kilatini nacho kilikuwa nayo: generis ilitokana na *genes-es kama nebese ilivyotokana na *nebʰes-es. Kigiriki kilichagua aina nyingine, *-os. Kile -i cha mpewa ni *-ei ya zamani. Lakini *nebesьmь, *nebesьmъ na *nebesьxъ zina ь isiyokuwa ya shina wala ya kiishio cha asili. Imeazimwa kutoka kwa nomino zenye shina la i, ili kutenganisha s ya shina na konsonanti ya kiishio. Na -a ya wingi, pamoja na -y ya ala, zimetoka kwa kundi la kawaida, lile la *selo. Kwa maneno mengine, tayari katika Kislavi Mame nomino hii ilikuwa imeanza kuvaa nguo za jirani, ingawa shina lilikuwa lake.

Nakuomba ulitazame kwa karibu umbo moja, *nebesьxъ, mbinguni kwa wingi, kwa sababu lina s mbili za zamani zilizopatwa na mambo tofauti. Kislavi kilikuwa na kanuni kwamba s inayofuata r, u, k au i hugeuka x. Kiishio cha hali ya mahali katika wingi kilikuwa *-su, na hapa kinafuata ь, ambayo ilikuwa i. Kwa hiyo s yake imekuwa x. S ya shina inafuata e, ambayo haimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo imebaki s. Katika neno moja kanuni imefanya kazi mara moja na kunyamaza mara moja, kila mara mahali panapostahili. Umbo hilo ndilo lililo katika Sala ya Bwana ya miswada ya kale, panaposemwa Baba yetu uliye mbinguni, na baadhi ya waandishi waliliandika nebesexъ baada ya ь hiyo kufunguka na kuwa e katika matamshi yao. Kicheki husali hadi leo kwa na nebesích.

SWALI: Nimesoma kwamba slovo, neno, na telo, mwili, zilikuwa katika kundi moja na nebo. Kama ni hivyo, kwa nini Kirusi kinasema slova na tela? Na kwa nini gurudumu ni koleso katika Kirusi lakini koło katika Kipolandi?

JIBU: Ni kweli zilikuwa kundi moja, na kundi lenyewe halikuwa kubwa. Pamoja na *nebo walikuwamo *slovo, *tělo, *kolo, *čudo yenye maana ya ajabu au muujiza, *dervo yenye maana ya mti, na katika baadhi ya maumbo *oko, jicho, na *uxo, sikio. *Slovo ina nasaba inayofanana kabisa na ya *nebo: Kigiriki kina kléos na Kisanskriti kina śrávas, zote zikiwa na maana ya sifa au habari inayosikika, na Waslavi wakaipunguza hadi kuwa neno. *Uxo inastahili kutajwa kwa sababu milikishi yake ilikuwa *ušese, na humo kanuni niliyoieleza hapo juu inaonekana tena: s ya mzizi ilifuata u ikawa x, kisha x ikawa š mbele ya e, ilhali s ya kiambishi imebaki salama baada ya e.

Kilichoyapata maneno haya ni kile nilichokigusia. Kiima cha *slovo kilifanana na kiima cha *selo, na nomino za aina ya *selo zilikuwa nyingi mno. Msemaji aliyezoea *selo, milikishi *sela, alikuwa na kila sababu ya kusema slova badala ya slovese. Kosa hilo, kama tunataka kuliita kosa, limeonekana mapema sana: hata katika miswada ya Kislavi cha Kale cha Kanisa slovo na tělo zinapatikana kwa sura zote mbili. Kirusi kiliendelea na njia hiyo hadi mwisho kwa slovo na telo, lakini shina la zamani halikufutika katika vivumishi: slovesnyj, cha maneno, telesnyj, cha mwili, drevesnyj, cha mti, na nebesnyj, cha mbinguni. Mwanafunzi anayekutana na vivumishi hivyo hupewa maelezo kwamba -es- ni kiambishi cha ajabu cha kivumishi. Mimi ningependa aelezwe ukweli, kwamba kivumishi kiliundwa nomino ikiwa bado na shina lake kamili, na nomino ikabadilika baadaye bila kukivuta.

Koleso ni kisa cha kinyume. Hapo wasemaji wa Kirusi hawakurekebisha hali nyingine zifuate kiima. Walirekebisha kiima kifuate hali nyingine, wakaunda koleso kutoka katika kolese. Kiima cha zamani, kolo, kimebaki Kipolandi, Kicheki na Kiserbia, na katika Kirusi chenyewe kimefichwa ndani ya okolo, yaani kando ya au karibu na, ambayo kwa asili ni kuzunguka kwa duara. Njia zote mbili zina lengo moja, nalo ni kulifanya neno liwe na shina moja tu.

Lugha iliyolihifadhi kundi hili kwa heshima kubwa zaidi ni Kislovenia. Huko kolo bado ina milikishi kolesa, telo ina telesa, drevo ina drevesa, na uho ina ušesa. Kundi limekuwa hai kiasi cha kupokea mgeni: pero, unyoya, ambayo haikuwa na s hiyo katika Kislavi Mame, leo ina milikishi peresa. Kislovenia kimehifadhi pia uwili, kwa hiyo magurudumu mawili yana umbo lake, kolesi, tofauti na matatu au zaidi. Lakini nebo yenyewe, katika umoja, imeondoka kundini hata huko. Milikishi yake ni neba, na -es- inaonekana katika wingi tu, kama ilivyo Kirusi.

Kwa nini basi wingi wa nebo na wa čudo, yaani nebesa na čudesa, umeshinda katika Kirusi wakati wa slovo umeshindwa? Kwa maoni yangu jibu liko kanisani. Katika Kiebrania neno la mbingu, šāmáyim, lina umbo la wingi, Wagiriki wa Agano Jipya wakalifuata kwa kusema mbingu kwa wingi mahali pengi, na watafsiri wa Kislavi wakawafuata Wagiriki. Kwa hiyo nebesa lilikuwa umbo lililosikika katika kila ibada, na čudesa, miujiza, vivyo hivyo. Umbo linalosikika mara nyingi hivyo, tena kwa sauti ya heshima, haliachi nafasi kwa mfano wa *selo kuligusa. Katika Kirusi cha leo nebesa si wingi wa kawaida wa anga. Hutumika katika ibada na katika lugha ya juu, na viishio vyake, nebesam, nebesami, nebesax, vimekuwa vya kisasa. Kicheki kimefika mbali zaidi katika uhifadhi, kwa sababu nebes na nebesy, milikishi na ala za wingi, ni *nebesъ na *nebesy zilezile za Kislavi Mame zilizopungukiwa na irabu fupi tu.

Kipolandi kina mfano ninaoupenda kuliko yote. Wingi wa kidini ni niebiosa, ambamo e ya shina imekuwa o kwa sababu s inayoifuata ni ngumu, yaani haitamkwi kwa kuinua ulimi kuelekea kaakaa kama konsonanti laini. Kivumishi niebieski kimebaki na e kwa sababu s yake ililainishwa na ь ya *nebesьskъ. Kivumishi hicho kina maana mbili: cha mbinguni, kama katika królestwo niebieskie, ufalme wa mbinguni, na rangi ya buluu. Mpolandi anayetaja shati la buluu anatamka kiambishi cha Kihindi-Kiulaya kilichopotea katika niebo yenyewe.

SWALI: Katika kamusi ya Kirusi kuna nebo, mbingu, na njobo, kaakaa. Je, ni neno moja?

JIBU: Ni neno moja lililopita milango miwili. Katika Kirusi e yenye mkazo iliyo mbele ya konsonanti ngumu iligeuka kuwa o, na ulaini wa konsonanti iliyotangulia ukabaki. Hivyo *nebo, ambayo mkazo wake katika kiima ulikuwa kwenye silabi ya kwanza, ilipaswa kutamkwa njobo. Usomaji wa kanisani haukukubali mabadiliko hayo, uliendelea kutamka e. Mbingu ilikuwa neno la ibada, ikachukua matamshi ya ibada. Kaakaa halikuwa na sababu ya kutajwa madhabahuni, likabaki na matamshi ya watu. Katika maandishi mengi nukta mbili za ё huachwa, na hapo maneno hayo mawili yanaandikwa sawa.

Kuliita kaakaa mbingu si ajabu ya Kirusi. Kihispania husema cielo de la boca, mbingu ya kinywa, na Kipolandi huita kaakaa podniebienie, kilicho chini ya mbingu. Kuna tofauti moja zaidi inayounga mkono niliyosema juu ya kanisa. Wingi wa njobo ni njoba, bila -es-. Neno lililobaki mdomoni mwa watu lilifuata njia ya slovo na telo mpaka mwisho, na lile lililosomwa madhabahuni likabaki na nebesa.